Lesi ya sindano: matundu ndiyo yanayochora

Weka kipande cha lesi ya sindano juu ya karatasi nyeupe na utaona uzi mweupe uliojikunjakunja, basi. Kihamishie juu ya kitambaa cheusi na papo hapo ua linatokea: petali zina kivuli, jani lina mshipa, ukingo una meno. Uzi ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba weusi sasa unapenya kwenye matundu, na matundu ndiyo yanayochora. Anayebuni lesi akiwaza nyuzi peke yake huishia na kitu kizito kama mkeka. Anayeanza kwa kujiuliza wapi pabaki wazi, na wazi kiasi gani, ameshafanya nusu ya kazi kabla sindano haijatungwa uzi.

Tuelewane kwanza, maana neno lesi limebebeshwa mizigo mingi. Lesi ya kuuzwa kwa mita hutoka mashineni. Lesi ya bobini husukwa kwa nyuzi nyingi zilizoviringishwa kwenye vijiti, juu ya mto. Kroshia ni kazi ya kulabu. Kudarizi kunataka kitambaa cha kudariziwa. Lesi ya sindano haina kulabu, haina kijiti, haina hata kitambaa: ni sindano moja, uzi mmoja, na mshono mmoja, uleule wa kuzungushia tundu la kifungo. Tofauti ni kwamba hapa mshono haukamati kitambaa, unakamata kitanzi cha safu iliyotangulia.

Namna ilivyozaliwa inaeleza mengi kuhusu ubunifu wake. Katika karne ya 16 huko Italia, wadarizi walikata na kuchomoa nyuzi za kitani hadi kikabaki kimia cha miraba, kisha wakajaza miraba hiyo kwa mshono wa tundu la kifungo. Kazi hiyo iliitwa reticella. Kwa kuwa msingi wake ni miraba, michoro yake yote ni nyota, magurudumu na pembetatu. Mstari haukuwa na pa kupindia. Baadaye wakaona kwamba kitambaa chenyewe hakina ulazima. Tandaza uzi juu ya ngozi iliyochorwa, ushikize, shona juu yake, kisha ukate mishikizo lesi itoke. Venice waliiita punto in aria, yaani mshono hewani, na kuanzia hapo mstari ukawa huru kwenda popote.

Uhuru huo ndio unaowaponza wanaoanza. Mstari unaweza kwenda popote, lakini uzi una unene, na mshono una upana.

Mchoro

Chora kwa ukubwa halisi. Mchoro mkubwa uliopunguzwa baadaye hudanganya, kwa sababu uzi haupungui pamoja nao. Kabla ya kuchora chochote cha maana, shona mraba wa majaribio wa sentimita 2 kwa 2 kwa uzi uleule utakaotumia, kisha hesabu. Uzi wa pamba wa kroshia namba 40 hukupa kama mishono 8 kwa sentimita; namba 80 hukaribia 11 au 12. Namba ikipanda uzi unazidi kuwa mwembamba, jambo linalowachanganya wengi. Kwa kazi ya kwanza, namba 40 na jani la urefu wa sentimita 4 kwa upana wa 2.5 vinatosha kabisa. Anayeanza na uzi mwembamba ili apate lesi nzuri zaidi hupata macho mekundu na lesi ileile mbaya, ila ndogo.

Ukishajua idadi ya mishono, mchoro unajiwekea masharti wenyewe. Sehemu isiyoweza kubeba mishono 4 kwa upana haitasomeka kama petali, itakuwa kifundo. Pembe ya ndani iliyo kali, chini ya digrii 30 hivi, haijaziki: mishono miwili ya mwisho hupandana na kuacha doa gumu. Ichonge iwe ya mviringo kidogo, au iache tupu makusudi. Na kila kipande kishikwe na majirani zake angalau sehemu tatu. Kikishikwa sehemu mbili tu ni bembea. Lesi ikitolewa kwenye mchoro kitajipindua na hakitarudi.

Kisha chukua penseli upake vivuli. Usipake kwa kupendezesha, paka kwa viwango vitatu tu: pazito, pa kati, na pepesi. Pazito ni penye mishono iliyobanana, pa kati ni penye matundu madogo yaliyopangwa, pepesi ni wavu. Weka karatasi ukutani, rudi hatua tatu, ufinye macho. Kama sehemu mbili zinazopakana zimeungana kuwa doa moja, badilisha mojawapo, au panga kuinua ukingo mnene kati yao. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote. Michoro mingi mizuri kwa kalamu hufa hapa, na ni afadhali ife kwenye karatasi kuliko baada ya saa 60 za kushona.

Jambo la mwisho la kuamua kwenye karatasi ni mwelekeo wa safu. Safu za mishono zina mwelekeo kama nyuzi za kitambaa, na mwanga hucheza juu yake, hasa kwa hariri. Jani lililojazwa kwa safu za mlalo kutoka ukingo hadi ukingo huonekana kama kiraka. Ligawe kwenye mshipa wa kati, safu za kila nusu zikitoka kwenye mshipa kwa mshazari kwenda ukingoni, na nusu moja iwe kioo cha nyingine. Mara moja jani linapata mgongo. Kwa petali, safu zianze kwenye ukingo wa nje zikishuka kuelekea moyo wa ua, maana upana unapungua na kupunguza mishono ni rahisi kuliko kuongeza. Chora mishale midogo ndani ya kila sehemu. Bila mishale utasahau, na utakumbuka baada ya kumaliza petali ya tatu.

Mzingo

Hapa ndipo kazi inapopona au kufa, kwa hiyo tutakaa.

Nakili mchoro kwa wino usiochuja kwenye karatasi ya kunakilia, mara mbili: nakala moja iweke kando kwa ajili ya mwisho, nyingine uifunike kwa plastiki ya kubandika isiyong'aa, ya bluu au kijani. Plastiki inazuia sindano isikwame kwenye karatasi, inazuia wino usiguse uzi, na rangi yake inafanya uzi mweupe uonekane. Piga bandi mchoro huo juu ya tabaka mbili za marekani (kitambaa cha pamba) ngumu. Ziwe mbili kweli, sababu utaiona wakati wa kutoa lesi.

Mzingo ni nyuzi mbili zinazolala sambamba juu ya kila mstari wa mchoro. Ndio mifupa ya lesi: mishono yote ya kujaza itaning'inia kwake. Pima mistari yote kwa kufuatisha uzi juu yake, zidisha mara mbili, ongeza robo. Kunja uzi huo katikati, usiukate. Kile kitanzi cha katikati ndicho mwanzo, na nyuzi mbili zinazotoka kwake husafiri pamoja.

Zishikize kwa uzi mwembamba wa cherehani, wa rangi tofauti lakini hafifu. Nyekundu na bluu iliyokolea huacha manyoya ya rangi ndani ya lesi nyeupe, na hakuna kibanio kitakachoyamaliza. Sindano ya kushikizia iwe yenye ncha kali: ipande kutoka chini, ivuke nyuzi mbili, ishuke katika tundu lilelile. Umbali kati ya mshikizo na mshikizo uwe milimita 3 kwenye mstari ulionyooka na 2 kwenye mpindo. Kwenye ncha ya jani weka mmoja kabla ya ncha, mmoja juu ya ncha yenyewe, mmoja baada. Mishikizo ikiachana sana, mzingo utavutwa na ujazo na jani litabadilika umbo. Ikikazwa sana, sindano ya kujazia haitapata pa kupita chini yake.

Sasa suala la njia. Mzingo unatakiwa uende mchoro mzima bila kukatwa, na kila mstari uishie na nyuzi mbili. Ukifika kwenye tawi, kwa mfano mshipa wa jani, uzi mmoja hubaki ukingojea. Wa pili huenda peke yake hadi mwisho wa mshipa, hujikunja, na kurudi ukilala kando ya njia yake mwenyewe. Mshipa umepata nyuzi mbili, na uzi umerudi nyumbani kuendelea na safari. Kama mwisho wa mshipa unagusa mzingo mwingine uliokwisha kulazwa, uzi upite chini ya mzingo huo kabla ya kurudi. Mguso usio na kupita chini si kiungo, ni ujirani tu, na utaachia siku lesi itakapotolewa. Fuatisha safari yote kwa kidole kabla ya kuanza. Ukikuta mahali ambapo lazima ukate, tafuta pa kuanzia pengine. Karibu kila mara papo.

Mwishoni nyuzi mbili hurejea kwenye kitanzi cha mwanzo. Mkia mmoja upite ndani ya kitanzi, kisha yote miwili irudi nyuma juu ya mzingo kwa sentimita 1 hivi, mmoja uishie mbele kidogo ya mwingine ili pasiwe na uvimbe. Fundo halitakiwi hapa wala popote pengine katika lesi. Fundo huonekana, na hufunguka.

Ujazo

Badilisha sindano. Ya kujazia iwe butu, ile ya kudarizia kitambaa cha matundu namba 26 au 28. Ncha kali huchoma uzi na kuupasua, na uzi uliopasuliwa hauendeshi kitanzi sawasawa. Wengine husukuma sindano kwa upande wa tundu. Si mbaya kama huna butu.

Tunga uzi wa sentimita 50 hadi 60. Mrefu zaidi huchakaa kwa kupita mara nyingi na kupoteza msokoto wake. Anza kwa kuupitisha chini ya mishikizo ya mzingo kwa sentimita 1, utokee upande wa kushoto wa sehemu unayotaka kujaza. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelekezo yote. Sindano ipite chini ya nyuzi mbili za mzingo ikielekea kwako, bila kugusa plastiki, na uzi unaofanya kazi ukae chini ya ncha yake. Vuta hadi kitanzi kikae. Rudia kuelekea kulia, nafasi sawa kwa sawa.

Ukifika mwisho wa safu, pitisha sindano chini ya mzingo wa kulia, kisha mara ya pili chini kidogo, kwenye kimo cha safu ijayo. Kutoka hapo tandika uzi ulionyooka kurudi kushoto, uzungushe kwenye mzingo wa kushoto, na uanze safu ya pili. Kila mshono sasa unaingia ndani ya kitanzi kilicho juu yake na kuukumbatia pia ule uzi ulionyooka. Huo ndio ujazo mzito, na ndio wa kujifunzia, kwa sababu uzi ulionyooka unakuonyesha kila kosa.

Makosa yenyewe ni machache na yanajirudia. Jani likijibana kiunoni, tatizo ni uzi ulionyooka kukazwa. Unatakiwa ulale, usivute. Safu zikishuka upande mmoja kama paa, kuzungusha kwenye mzingo wa upande huo kumeshuka zaidi ya upande wa pili. Milimita moja tu kwa kila safu, ukifika safu ya 10, ni sentimita nzima. Matundu marefu yakijipanga kando ya mzingo kama ngazi, umesahau mshono wa kwanza au wa mwisho wa safu. Hesabu. Safu ya mishono 14 ina vitanzi 13 kati yao, pamoja na viwili vya ukingoni, na ukiacha kimoja kila safu jani linakwisha kabla ya nafasi yake. Sehemu inapopanuka, ongeza ukingoni kwa kushona mshono wa ziada juu ya mzingo wenyewe. Kuongeza katikati ya safu huacha tundu lisilo na maelezo.

Na kosa moja la uvivu: uzi kuisha katikati ya safu. Kiungo cha uzi hufichwa ukingoni tu, chini ya mzingo. Safu moja, pamoja na uzi wake wa kurudia, hula takriban mara 5 ya upana wake. Kama kilichobaki kwenye sindano ni pungufu, malizia hapo na utunge mpya. Ni sentimita chache za uzi zinazotupwa. Kufumua safu tatu kunagharimu zaidi.

Ukiondoa uzi ulionyooka na kushona kwenda na kurudi, kulia na kushoto, unapata wavu mwepesi. Ukishona mishono miwili iliyobanana, ukaacha nafasi ya miwili, kisha safu inayofuata ukaweka jozi zako ndani ya zile nafasi, unapata kivuli cha kati. Kati ya ujazo wote wenye matundu ninaopendekeza zaidi ni ule wa mbaazi, kwa sababu unaonekana mgumu na sivyo. Safu ya kwanza ni mishono ya kawaida iliyokaribiana. Safu ya pili shona miwili, ruka vitanzi viwili, shona miwili, ruka viwili. Safu ya tatu weka mishono 3 ndani ya kila kitanzi kirefu na 1 ndani ya kile kifupi kilicho kati ya jozi. Safu ya nne shona ndani ya vile vitanzi viwili tu vilivyo kati ya ile mishono 3, ukiruka vinginevyo. Jozi zimerudi, lakini zimehama nusu hatua. Rudia ya tatu na ya nne. Matundu yanajipanga kwa kupishana kama vigae. Ikiwa matundu yako yanazidi kuwa ya mviringo upande mmoja na membamba upande mwingine, umevuta zaidi unaporudi kuliko unapokwenda. Karibu kila mtu ana mkono mmoja mzito.

Kivuli kinachopungua polepole ndani ya petali moja ndicho kipimo cha mbunifu. Anza ukingoni kwa ujazo mzito, safu 6 au 7, kisha acha uzi ulionyooka, kisha hamia jozi, kisha wavu karibu na moyo wa ua. Lesi ya Brussels ya karne ya 19 iitwayo point de gaze iliishi kwa ufundi huu: mawaridi yake yana petali zilizopandana, nyingine zimeshonwa peke yake na kushikizwa juu ya ua, juu ya wavu mwepesi usio na hata uzi mmoja mnene. Ukiitazama kwa mbali unaapa kwamba imepakwa rangi ya kijivu.

Kinachojaza kati ya maua

Maua hayawezi kuelea, na namna unavyoyashikanisha hubadilisha lesi nzima kuliko mchoro wa maua wenyewe. Njia moja ni vidaraja. Tandika uzi mara 3 kutoka mzingo hadi mzingo, kisha uufunike wote kwa mishono ya tundu la kifungo iliyobanana. Kidaraja kirefu kuliko milimita 8 hivi huanza kulegea, kwa hiyo kwenye nafasi kubwa kigawe kiwe na matawi. Katikati yake unaweza kutoa kijitanzi kinachoitwa pikoti: choma pini milimita 2 chini ya kidaraja, zungusha uzi kwenye pini, rudi juu, na ufunge kwa mshono mmoja unaokumbatia nyuzi zote za kitanzi. Pikoti zisizolingana ni mbaya kuliko kutokuwa nazo. Choma pini zote kwanza kwa kutumia rula, ndipo ushone.

Lesi nzito ya Venice ya karne ya 17, gros point, ilitumia vidaraja vichache na kuacha misokoto ya maua mazito ibebe macho. Lesi hiyo ilikuwa ghali mno, na Wafaransa waliinunua kwa pupa, hadi mwaka 1665 Colbert, waziri wa Louis XIV, akaanzisha viwanda vya kifalme ili fedha zibaki Ufaransa. Mafundi walianza kwa kuiga Venice. Lakini baadaye wakaelekea penye unyoofu zaidi: vidaraja vikawa kimia cha pembe sita chenye pikoti, maua yakapungua uzito, mchoro ukapangwa kulia na kushoto kama kioo. Karne ya 18, kule Alençon na Argentan, miji ya Ufaransa, kimia kikawa chepesi zaidi. Argentan walifunika kila upande wa pembe sita kwa mishono, Alençon wakaacha wavu mwembamba zaidi. Burano, kisiwa kilicho karibu na Venice, hutambulika kwa wavu wake wa vipembe vinne kama ngazi ndogondogo. Ukikuta lesi ya zamani na huijui, anza kutazama wavu kabla ya ua.

Kwa anayebuni leo, ushauri wangu ni kuchagua vidaraja. Wavu mzuri unahitaji matundu mamia yanayolingana, na macho ya binadamu huona tundu moja lililopotoka hata kama hayajui kwa nini yanasumbuka.

Kuinua ukingo

Hatua hii hurukwa na wenye haraka, kisha wanashangaa lesi yao inaonekana bapa. Lundo la nyuzi 3 hadi 6 hulazwa juu ya mzingo, na lote hufunikwa kwa mishono iliyobanana hadi usione kilicho ndani. Kamba ya vitanzi inayotokea upande mmoja wa mishono, ambayo ndiyo yenye uzuri, itazame nje kwenye kingo za nje na itazame tundu kwenye kingo za ndani. Ikitazama ujazo, inazama na kupotea.

Usiinue kila kitu. Ukingo wote ukiwa na unene mmoja, lesi inafanana na chuma cha dirisha. Anza na nyuzi 2 kwenye kikonyo, ongeza moja moja hadi 6 kwenye mgongo wa petali, kisha punguza tena. Unapopunguza, kata uzi mmoja kila baada ya mishono 4 au 5; ukikata nyuzi tatu kwa mpigo kunatokea ngazi. Petali iliyo mbele kuliko zote iinuliwe mwisho, ili ukingo wake ukanyage wa wenzake. Alençon hulaza unywele wa farasi ndani ya ukingo, nao huufanya usimame imara bila unene. Pamba peke yake haifiki hapo. Mafundi wa Venice walikwenda upande wa pili kabisa, wakirundika nyuzi hadi ua likawa kama limechongwa.

Kiasi cha muda? Ufundi wa Alençon uliingia kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2010, na kipimo kinachotajwa hapo ni saa 7 kwa sentimita moja ya mraba, na mafunzo ya miaka 7 hadi 10. Kwa uzi namba 40 mambo ni ya haraka zaidi, lakini usipange jani la kwanza kwa jioni moja.

Kuitoa

Fumua bandi za ukingoni. Shika tabaka la juu la marekani kwa mkono mmoja na la chini kwa mwingine, uyaachanishe taratibu, na mishikizo itajitokeza kati yake kama ngazi ya nyuzi. Ikate hapohapo, katikati ya vitambaa viwili, kwa mkasi mdogo. Ndiyo sababu ya tabaka mbili: mkasi haufiki karibu na lesi. Anayekata juu, kati ya lesi na mchoro, siku moja atakata mzingo, na mzingo uliokatwa hauna dawa ya kweli. Alençon hutumia wembe kwa kazi hii, lakini mikono ile ina miaka yake.

Lesi itainuka. Mahali itakapogoma, usivute. Kuna mshikizo uliobaki, au uzi wa kujazia uliochomwa na sindano ya kushikizia. Geuza upande wa nyuma na uondoe vipande vya mishikizo kwa kibanio, kimoja kimoja. Kazi hii inachosha kuliko kushona. Kule Alençon, baada ya hapo ujazo husuguliwa kwa gando la kambakochi, ambalo ni laini na gumu kwa pamoja, ili mishono ilale na kung'aa. Mgongo wa kijiko laini cha mfupa hufanya kazi inayofanana.

Ikiwa imechafuka, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni hafifu bila kuikamua. Iminye ndani ya taulo. Nakala ya pili ya mchoro, uliyoiweka kando tangu mwanzo, ilaze kwenye ubao laini chini ya plastiki, ulaze lesi juu yake ikiwa na unyevu, uso juu, na uchome pini zisizoshika kutu: kwanza kwenye ncha za majani, kisha kwenye mipindo, mwisho pini moja ndani ya kila pikoti. Usipige pasi upande ulioinuliwa. Kama ni lazima, ilaze kifudifudi juu ya taulo nene na upige kwa nyuma. Iache ikauke yenyewe, usiku mzima kama ni nene, na uanze kung'oa pini za katikati ukielekea nje, za pikoti zikiwa za mwisho.